Biolojia ya Mwaka wa Kwanza Chuoni: Funga Daftari Ndipo Usome

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo vimbweta hujaa kalamu za rangi. Njano kwa fasili, kijani kwa mifano, pinki kwa yale ambayo mhadhiri kayarudia mara mbili. Kufika wiki ya sita daftari zima linawaka kama kanga ya Idi, na mwenyewe ameshalisoma mara nne. Sasa mfungie hilo daftari umuulize: "Hivi kwa nini kachumbari ukiitia chumvi inatoa maji?" Mkono wake utalifuata daftari kabla mdomo haujafunguka.

Nilikuwa mmoja wao. Nilitoka kidato cha sita na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), matokeo si haba, nikaingia chuo nikijua biolojia ndiyo somo langu. Testi ya kwanza ya biolojia ya seli nikapata 11 kwa 30. Sikuwa mvivu, nilikesha siku tatu mfululizo. Baadaye nimewasimamia mwaka wa kwanza kwenye semina na maabara, na naliona kosa langu lile lile kila mwaka: watu wanasoma kwa macho. Macho yakiona sentensi kwa mara ya tano yanaizoea, na mtu anadhani ameelewa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa vyuo vyetu vya Tanzania, kwa sababu ndivyo ninavyovijua. Ndugu zangu wa Kenya wataona CAT pale nilipoandika testi, lakini seli ni ile ile.

1. Hesabu alama na saa kabla hujafungua kitabu

Wiki ya kwanza pata muhtasari wa kozi na uangalie mambo mawili. La kwanza ni mgawanyo wa alama. Vyuo vingi vinagawa 40 za kazi za semista na 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, na ndani ya zile 40 ripoti za maabara huwa na fungu lake ambalo watu wanalitupa kizembe. La pili ni krediti. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti moja ni saa 10 za kazi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 inadai saa 120. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki. Toa vipindi na maabara, zinazobaki ni zako. Ziandike kwenye ratiba kwa siku na kwa saa, kabla bumu (fedha ya mkopo) halijaingia na ratiba ya starehe haijajipanga yenyewe.

2. Vunja maneno vipande

Dakika 20 kabla ya kipindi zinatosha. Huendi kusoma mada nzima, unakwenda kukutana na majina ili yasikushtue darasani. Biolojia ya mwaka wa kwanza ina maneno mapya mengi kuliko kozi ya lugha, na mengi yamejengwa kwa vipande vile vile vya Kigiriki na Kilatini. Ukijua kuwa *lysis* ni kuvunja, *photo* ni nuru, *endo* ni ndani, *hypo* ni chini ya, *-ase* ni mkia wa kimeng'enya na *-ose* ni mkia wa sukari, basi neno usilowahi kuliona linakupa nusu ya maana yake bure.

Kiswahili chetu nacho kimefanya kazi hiyo hiyo, ila hatukitumii. Usanisinuru ni usanisi kwa nuru, ndivyo hasa neno la Kigiriki linavyosema. Selimundu ni seli yenye umbo la mundu. Mtu aliyekariri jina la Kiingereza la ugonjwa huu bila kuwahi kushika mundu shambani amekariri sauti tu.

Tenga kurasa mbili za mwisho za daftari kwa ajili ya vipande hivi. Baada ya wiki nne utaona orodha haikui tena kwa kasi.

3. Darasani: andika maswali, usinakili slaidi

Slaidi utazipata kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla hujafika bwenini. Kwa nini basi unazinakili? Sikiliza kile ambacho hakipo kwenye slaidi: mfano aliotoa mhadhiri, mchoro aliouchora ubaoni, mahali aliposema "hapa wengi hukosea". Pembeni andika maswali yako kwa lugha yoyote. Kupiga picha slaidi kwa simu ni sawa, ila picha 40 kwenye simu hazijamfaulisha mtu bado.

4. Siku hiyo hiyo: karatasi nyeupe

Hii ndiyo hatua yenyewe. Zilizobaki zote zinaisaidia hii.

Jioni ya siku ya kipindi soma mada mara moja, taratibu, kama dakika 30. Kisha funga kila kitu, weka daftari mbali na mkono, uchukue karatasi tupu. Andika na kuchora yote unayoyakumbuka. Dakika tano za kwanza zitakuuma, maana utagundua kwamba unachokijua kinajaa robo ya ukurasa. Usifungue daftari. Kaa hapo hapo ukichimba, kwa sababu kule kutafuta jibu kichwani ndiko kunakolijengea njia. Ukikwama kabisa, chukua kalamu ya rangi nyingine, fungua daftari, ujaze mapengo. Kesho yake unarudia, na unaanza na yale ya rangi nyingine.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Wengine waliyasoma tena na tena, wengine waliyasoma kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyaangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka, wale waliojijaribu wakawa mbele. Sasa fikiria ni lini unamaliza kusoma mada ya seli na ni lini unaingia kwenye UE. Njia inayokupa raha usiku wa leo ndiyo itakayokuacha wiki ijayo.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho: upumuaji wa seli. Mada hii ndiyo inayowaliza watu, kwa sababu wanajaribu kumeza majina ya molekuli kwa mpangilio kama shairi. Mimi kwenye karatasi nyeupe nafuata kitu kimoja tu, atomi za kaboni.

Glukosi ina kaboni 6. Kwenye saitoplazimu inakatwa na kuwa piruveti mbili, kila moja kaboni 3. Hesabu inakaa: 3 na 3 ni 6, hakuna iliyopotea, kwa hiyo hapa hakuna kabonidioksidi inayotoka. Unatumia ATP 2 (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli) kuanzisha kazi, unapata 4, faida ni 2, pamoja na NADH 2. NADH, na FADH₂ utakayoiona mbele, ni wabebaji wa elektroni. Piruveti zinaingia kwenye mitokondria, na kila moja inapoteza kaboni moja: hapo zimetoka kabonidioksidi 2 na NADH 2, na tumebaki na vipande viwili vya kaboni 2 vilivyobebwa na koenzaimu A. Kila kipande kinaingia kwenye mzunguko wa Krebs, na kila mzunguko unatoa kabonidioksidi 2, NADH 3, FADH₂ 1 na ATP 1. Mizunguko miwili, kabonidioksidi 4. Jumlisha: 2 na 4 ni 6. Kaboni zote sita za glukosi zimetoka puani kwako.

Na nishati imekwenda wapi? Imebebwa na zile NADH na FADH₂ hadi kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Huko elektroni zinashuka ngazi kwa ngazi, protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando, na zinaporudi kupitia kimeng'enya cha kutengeneza ATP zinakizungusha. Oksijeni inasubiri mwisho wa ngazi, inapokea elektroni na protoni, yanatoka maji. Ndiyo kazi yake yote. Hewa unayoihema usiku na mchana unaihema ili elektroni zipate pa kutua.

Mtu akikuuliza jumla ni ATP ngapi, utakuta madesa (notisi za kurithishana) ya zamani yanasema 36 au 38 na slaidi za mhadhiri zinasema 30 hadi 32. Wala hakuna aliyekosea kunakili. Zamani kila NADH ilihesabiwa kuwa ATP 3 na kila FADH₂ kuwa 2, sasa zinahesabiwa kama 2.5 na 1.5. Andika ya mhadhiri wako, na ueleze sababu kwa mstari mmoja. Msahihishaji ataona anazungumza na mtu anayejua.

Ukiweza kuichora safari hiyo ya kaboni sita bila kuangalia popote, mara tatu kwa siku tatu tofauti, mada hiyo umeimaliza. Saa moja leo, saa moja keshokutwa na saa moja wiki ijayo zinazidi saa tatu za mkupuo mmoja.

5. Ieleze kwa Kiswahili, kisha uirudishe kwenye Kiingereza

Hili sikulisikia kwa mwalimu yeyote, na wapo watakaoguna. Wengi wetu tumesoma mpaka darasa la saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza Kiingereza kikatuangukia kama nazi. Tulijifunza kujikinga, tukawa tunakariri sentensi nzima kama ilivyo, na kuitema kama ilivyo. Kwa kidato cha nne ilitosha. Chuoni swali linageuzwa kidogo tu, na sentensi uliyoikariri haina pa kuingia.

Kwa hiyo jipime hivi. Chukua dhana moja umweleze mtu ambaye hajasoma biolojia: mdogo wako, mama ntilie, rafiki wa sheria mnayelala naye chumba kimoja. Huruhusiwi kutumia neno la Kiingereza ambalo hujalifafanua. Osmosisi, kwa mfano. "Mama, ukikata nyanya na kitunguu ukatia chumvi, baada ya muda bakuli linajaa maji. Kila seli ya kitunguu ina ngozi nyembamba inayoruhusu maji kupita kirahisi lakini chumvi inaizuia. Nje sasa kuna chumvi nyingi, maji huru ni machache. Ndani maji huru ni mengi. Yanatoka penye mengi kwenda penye machache."

Akikuuliza "sasa kwa nini mchicha ulionyauka ukiuloweka unasimama tena?" na ukaweza kumjibu, umeelewa. Usipoweza, umepata mahali pa kusoma usiku huo. Na kama ana mashaka kuhusu nyama ya ng'ombe mzee inayolainika kwa papai bichi, hapo una somo zima la vimeng'enya: utomvu wa papai una papaini, kimeng'enya kinachokata protini, na ukiuchemsha kwanza unakiharibu, nyama inabaki ngumu vile vile. Umbo la kimeng'enya likiharibika, kazi yake imekwisha.

Jaribu pia swali hili kwa wenzako. Kokwa la embe lina uzito wa gramu kadhaa, mwembe mkubwa una tani. Huo uzito wa mbao umetoka wapi? Wengi watasema udongoni. Lakini ungekuwa umetoka udongoni, chini ya kila mwembe kungekuwa na shimo. Kaboni yote ya ule mti imetoka hewani, kwenye kabonidioksidi. Aliyekariri mlinganyo wa usanisinuru tangu kidato cha pili hushtuka kusikia hivyo, ilhali mlinganyo wenyewe unasema hivyo hivyo.

Sasa sehemu ya pili, ambayo watu wanaisahau: mtihani ni wa Kiingereza. Ukishaeleza kwa Kiswahili, kaa chini uandike maelezo yale yale kwa Kiingereza, sentensi tano au sita zako mwenyewe, kisha linganisha na kitabu. Tafuta vitenzi, maana nomino utakuwa nazo. Mwanafunzi anajua jina la kila kitu lakini hajui kusema kitu hiki *kinafanya* nini kwa kingine. Andika orodha ya vitenzi vya mhadhiri wako na uvitumie.

6. Kadi, kwa yale yasiyo na ujanja

Kuna mambo hayana mantiki ya kufuata, ni ya kushika tu: majina ya faila za wanyama, sehemu za hadubini, asidi za amino. Nunua manila moja, ikate kadi ndogo. Swali mbele, jibu nyuma, jambo moja kwa kadi moja. Kadi yenye mistari minane nyuma ni daftari lililokatwa.

Utaratibu wa visanduku, ambao Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972, unafaa hata kwa maboksi ya viatu. Kadi mpya zinakaa kisanduku cha kwanza, unaziangalia kila siku. Ukipata, inahamia cha pili, unakigusa kila baada ya siku tatu. Ukipata tena, cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa popote, inarudi cha kwanza bila huruma. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia AnkiDroid, ni ya bure na inafanya kazi bila bando, ila kadi uziandike mwenyewe. Kutengeneza kadi ni nusu ya kujifunza.

Kwa uainishaji, kila jina lifunge kwa kiumbe unachokijua. Sato ni *Oreochromis niloticus*, sangara ni *Lates niloticus*. Wote wawili wana jina la Mto Nile mwishoni, na wote waliletwa Ziwa Victoria na binadamu. Ukikumbuka hilo, siku ya somo la ikolojia utakuwa tayari una mfano wa spishi ngeni na kile kilichowapata furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, baada ya sangara kuongezeka. Kwa samaki wa kale wenye mapezi ya nyama, una silikanti, *Latimeria chalumnae*, ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu tangu miaka ya 2000. Mhadhiri atakuwa na mfano wa kitabuni kutoka Ulaya, wewe weka wa Tanga, alama ni ile ile na hausahauliki.

7. Jenetiki isome kama hesabu

Jenetiki haisomwi, inafanywa kwa kalamu. Maswali 20 yana faida kuliko kurasa 20.

Mfano wa kwetu: baba AS, mama AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S); mwenye SS ndiye mgonjwa. Chora kisanduku cha miraba minne, utapata AA moja, AS mbili, SS moja. Wanafunzi wengi wanaishia hapo na kuandika kwamba katika watoto wanne mmoja atakuwa na selimundu. Si hivyo. Kila mimba inaanza upya na uwezekano wake wa robo, haijui yaliyotokea kwa kaka yake. Uwezekano wa watoto watatu wote kutokuwa SS ni ¾ × ¾ × ¾, yaani 27 kwa 64, kama asilimia 42. Fanya hesabu hiyo kwa watoto wanne uone inakuwaje.

Swali hilo hilo linakufungulia mageuzi. Kwa nini jeni inayoua haikutoweka? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha kazi yake kutoka Afrika Mashariki ikionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Mada tatu, yaani protini, jenetiki na uteuzi asilia, zinakutana kwenye tone moja la damu. Maswali ya insha ya UE hupenda sana pale mada zinapokutana.

8. Maabara

Soma karatasi ya zoezi jana yake. Aliyefika bila kuisoma anatumia saa ya kwanza kuuliza jirani na ya pili kuharakisha.

Kwenye hadubini anza na lenzi ndogo kuliko zote, pata picha, ndipo upande. Ukifika ×40 usiguse tena skrubu kubwa, utavunja slaidi. Lenzi ya jicho ×10 na ya chini ×40 zinakupa ukuzaji wa ×400, na hiyo ndiyo unayoiandika. Ukiandaa ngozi ya kitunguu, kishushe kile kioo chembamba cha kufunikia kwa mshazari, upande mmoja ukianza kugusa maji. Ukikidondosha bapa, utafunga povu za hewa. Kila mwaka nakutana na mtu aliyechora kwa ustadi mkubwa duara lenye ukingo mweusi na kuliandikia jina la kiini cha seli. Ni povu.

Mchoro wa kibiolojia ni penseli ya HB, mistari safi isiyokatika, bila kutia kivuli. Mistari ya majina haivukani wala haina vichwa vya mishale. Juu weka kichwa cha mchoro, chini ukuzaji. Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa mchoro kugawa kwa urefu halisi: umechora seli ya milimita 0.15 kwa urefu wa milimita 60, ni ×400. Badilisha vipimo viwe sawa kwanza, hapo ndipo alama zinapomwagika.

Ripoti andika siku hiyo hiyo. Kama jaribio lako limekwenda kombo, usikope namba za jirani. Ripoti yenye namba mbaya na maelezo mazuri ya kwa nini ziwe mbaya inasomeka vizuri kuliko ripoti kumi zenye namba zinazofanana hadi desimali ya pili. Na tunaziona, msidhani hatuzioni.

9. Diskasheni, madesa na pepa za nyuma

Diskasheni ni watu watatu au wanne. Wakifika kumi imekuwa barazani, mwelewa mmoja anahutubia na tisa wanatikisa kichwa. Kila mtu aje na mada yake, aieleze bila karatasi, na wenzake wamuulize "kwa nini?" mpaka akwame. Asiyesoma kabla asije, hata kama ndiye anayeleta mihogo.

Madesa yatumie kama dira. Nimewahi kuona desa lililosema ribosomu zina utando, na lilikuwa limepigwa fotokopi kizazi hadi kizazi, kosa likiwa zima. Hakikisha kwenye kitabu. Kama vya maktaba vimeazimwa, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice inatoa kitabu cha biolojia cha ngazi ya chuo bila malipo. Kipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo.

Pepa za nyuma ziulize steshenari mapema, wiki ya nne, usisubiri wiki ya UE. Kazi yake si kubahatisha swali litakalotoka. Jibu swali moja kwa wiki, kwa saa. Pepa ya saa 3 yenye maswali 5 inakupa dakika 36 kila moja. Tumia 5 kupanga, 30 kuandika. Na soma kitenzi cha swali. Ukiambiwa ulinganishe mitosisi na meiosisi, usiandike ukurasa wa hii kisha ukurasa wa ile. Kila sentensi iwe na zote mbili: mitosisi ni mgawanyiko mmoja unaotoa seli 2, meiosisi ni migawanyiko miwili inayotoa seli 4; kwa binadamu, seli za mitosisi zinabaki na kromosomu 46, za meiosisi zina 23.

10. Wiki ya UE

Kama umefuata hatua ya nne, wiki hii ni ya karatasi nyeupe tu, mada mbili kwa siku, na pepa moja kamili kwa saa. Lala. Ubongo hupanga ya mchana wakati umelala, na aliyekesha anaingia na kichwa kilichojaa vitu visivyo na mahali.

11. Testi ikirudi

Hatua hii huja katikati ya semista. Nimeiweka mwisho kwa sababu karibu hakuna anayeifanya. Watu wanaangalia namba, wanaikunja karatasi, basi.

Usiikunje. Kila alama uliyopoteza iandikie sababu moja kati ya tatu: sikuwahi kuisoma, niliisoma nikasahau, niliijua ila sikuelewa swali lilitaka nini. Zihesabu. Za kwanza zinaponywa na ratiba, za pili na karatasi nyeupe na kadi, za tatu na pepa za nyuma. Usipojua alama ilikwendea wapi, nenda ofisini kwa mhadhiri saa zake za wanafunzi na karatasi mkononi, na useme "Shikamoo mwalimu, naomba unielekeze hapa palitakiwa nini," badala ya "mwalimu, umeninyima."

Ile testi yangu ya 11 kwa 30 bado ninayo. Nilikuja kuihesabu mwaka wa pili, nilipoanza kuwafundisha wadogo zangu. Katika alama 19 nilizopoteza, 4 zilikuwa za mada ambayo sikuigusa kabisa. Zile 15 zote zilikuwa daftarini mwangu, kwa rangi ya njano.